Mtumbwi Uliopanda Mlima

Mkitaka kujua alizaliwa mwaka gani, babu yake alikuwa nani na ukoo wao ulitokea kilima kipi, msiniulize mimi. Ukoo wake upo, nendeni mkawaulize, na mbebe chakula cha njiani maana hawana habari fupi. Mimi nitawaeleza yule niliyemjua: mzee mrefu, mwembamba, koti la sufu mwaka mzima, mwavuli mweusi mkononi hata jua likiwa la kukaangia mayai, na sauti ambayo akisalimia mtu stendi ya Mbinga, aliyeko Litembo, kijiji cha mbali huko milimani, anaitikia. Mji mzima tulimwita Mhifadhi. Hata marehemu mkewe alimwita hivyo hivyo, "Mhifadhi, ugali unapoa," na yeye anaitika kama ameitwa na serikali.

Mimi ni mtu wa bodaboda. Shule ya mchana ilinishinda nikiwa mdogo, nikairudia ya jioni nikiwa na ndevu, na huko ndiko nilikompata. Alikuwa akitufundisha historia. Darasa letu lilikuwa na mama muuza maandazi, mgambo, fundi cherehani na mimi, wote tumechoka kama magunia. Mwalimu mwingine akiingia tunalala kwa zamu. Yeye akiingia, hata panya wa darini walisimama wasikilize. Nilifaulu historia kwa kishindo. Hesabu tuziache.

Hiyo ilikuwa jioni. Mchana alikaa kwenye makumbusho yake, yaani ghala la zamani la kahawa nyuma ya soko, ambalo aliombewa na wazee alipoanza kukusanya vitu, na hadi leo ukiingia unasikia harufu ya kahawa kabla hujaona chochote. Kibao cha mlangoni alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MAKUMBUSHO YA MLIMA NA ZIWA. Hakupima. Alianza na herufi kubwa kama milango, akafika kwenye "Mlima" akiwa bado na nguvu, na alipofika kwenye "Ziwa" ubao ulikuwa umekwisha. Neno zima likakaa pembeni limejikunyata, kama abiria wa mwisho. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa, kuingia humo kulikuwa na adabu yake. Unavuka tu kizingiti, yeye anakuuliza:

"Umesalimia?"

"Nimekusalimia, mzee."

"Si mimi. Hao." Anaelekeza mwavuli kwenye rafu za vyungu, vinu, majembe na ngoma. "Wote hao ni wakubwa zako. Chungu kile kimepika pombe ya harusi ya bibi yako. Sema shikamoo."

Nimeona kwa macho yangu mheshimiwa mmoja mwenye tai na tumbo la heshima akiinama mbele ya rafu na kusema, "Shikamoo, chungu." Na kutoka nyuma ya rafu ikaja sauti nzito, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Mheshimiwa aliruka karibu atoboe bati. Alikuwa Mhifadhi, bila shaka, na hakucheka hata kidogo. Alitoka akiwa na uso wa mtu wa ibada, akaendelea na maelezo.

Kwenye uwanja wa nyuma alichimba ngoro, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, maana alisema shamba la mlimani huwezi kuliweka rafuni. Aliwaita wanaume wa familia moja wakakata nyasi na kuzipanga miraba miraba, kina mama wakachimba katikati na kufukia nyasi kwa udongo, maharage yakapandwa kwenye matuta, kila kitu kama kinavyofanyika kwenye miteremko yetu. Tatizo ni kwamba wageni walikuwa wakitembea wakitazama juu. Kila wiki kuna mtu anatumbukia. Mhifadhi anamvuta kwa mpini wa mwavuli na kumpongeza: "Karibu. Sasa umeingia kwenye historia."

Namna yake ya kutafuta ukweli ilikuwa hii: hakuuliza mtu jambo lilitokea lini. Aliuliza siku hiyo walikula nini. "Mwaka mtu anaweza kuubuni," alituambia darasani, "na ushujaa ndio kabisa. Mboga haibuniki." Litembo kulikuwa na wazee wawili waliogombana maisha yao yote kuhusu baba wa nani alitangulia kupanda kahawa bondeni kwao. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Akamuuliza wa kwanza: siku ya kupanda mlikula nini? Mzee akasema nyama, tena ya ng'ombe, tena tele. Akamuuliza wa pili. Huyo akakuna kichwa, akasema, "Maharage yasiyo na chumvi. Chumvi ilikuwa imeisha na mama alimtukana baba mbele za wageni." Mhifadhi akafunga mwavuli kana kwamba ni hukumu. "Wewe ndiye," akasema. Wa kwanza alinuna mpaka msimu uliofuata, lakini mkewe alitoka jikoni akatuambia polepole kwamba nyama hiyo hata yeye ameisikia leo.

Kilichomfanya ajulikane mpaka Songea, na mimi naamini mpaka ng'ambo ya bahari, ni jambo jingine. Vitu vya makumbusho yake vilikuwa vinatoka.

Kilianza chungu. Mama mmoja wa Litembo aliyekitoa akarudi siku moja, kanga mbili, kikapu kichwani.

"Shikamoo, Mhifadhi."

"Marahaba, mama. Umekuja kukitazama chungu chako?"

"Nimekuja kukichukua. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

"Mama, hiki sasa ni mali ya makumbusho."

"Ndiyo, baba. Na Jumamosi ni harusi."

Mhifadhi alitoka nje, akalizunguka ghala, akarudi. Mtu wa kawaida angeuliza kitarudi lini. Yeye aliuliza, "Kinakwenda kufanya kazi gani?"

"Kuchemsha pombe."

"Basi kichukue."

Kilirudi na masizi mapya tumboni na harufu iliyofanya watu wapange foleni kuinusa. Mhifadhi alikaa akikitazama kama mgonjwa aliyetoka hospitali. "Mwanangu," akaniambia, "kilipokuwa hapa rafuni kilikuwa maiti. Kimeenda harusini, kimefufuka."

Tangu hapo ikawa ndiyo sheria. Anayetaka kitu alikuja, akasalimia rafu, akaulizwa kinakwenda kufanya kazi gani, akajibu, akabeba. Ngoma za kuchezea mganda zilishuka ziwani kwenye mashindano na zikarudi zimevikwa ngozi mpya. Vinu vilikwenda misibani. Kiti cha mkuu wa ukoo kilikwenda kukaliwa kwenye kikao cha kugawa shamba na, nasikia, kilituliza ugomvi ulioshinda mabaraza yote. Mahali pa kitu Mhifadhi aliacha kibao: "Kipo harusini." "Ipo inachezwa." "Kimekwenda kutwanga, kitarudi kikishiba." Msimu wa harusi ulipokolea ungeingia ukakuta ghala zima ni vibao tu. Mzungu mmoja alifika siku kama hiyo, akavipiga picha vibao vyote kimoja kimoja, akatoka akifuta machozi, akasema hajawahi kuona makumbusho mazuri kama haya. Mimi ndiye niliyemrudisha stendi, na njiani bado alikuwa anapiga kwikwi.

Lakini msidhani alikuwa mkarimu wa kila kitu. Mwavuli wake hakumwazima mtu. Siku moja mvua ilitukuta mlangoni, mimi, yeye na padri aliyekuwa akiwahi misa. Padri akanyoosha mkono kwa upole.

"Mhifadhi, niazime mwavuli mpaka kanisani tu."

"Padri, ngoma nitakupa. Chungu nitakupa. Kiti cha mkuu wa ukoo nitakupa ukalie ukihubiri. Mwavuli ni wangu."

Padri akakimbia akiwa ameshika kanzu. Mhifadhi akafungua mwavuli, akasimama chini yake mkavu kama unga, na akaendelea kunieleza habari za njia za misafara ya zamani, huku mimi nikisimama kando yake nikitiririka kama bomba. Hakusogea hata inchi. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Alisema, "Vile vingine ni vya watu, mimi ni nani hata nivizuie?" Nikaelewa nusu.

Na kulikuwa na ziwa. Huyu mtu aliyekuwa akilieleza Ziwa Nyasa darasani mpaka tunahisi miguu inalowa, alikuwa akiogopa maji kuliko paka. Mto wa kuvuka kwa mawe aliuzunguka mpaka apate daraja. Nikimshusha Mbamba Bay, alisimama sokoni, mgongo kwenye ukuta, akauliza maswali yake kwa sauti kubwa kutoka huko huko. Watu wa ziwani si vipofu. Walimkaribisha, wakamlisha samaki wa mbasa, wakamjibu kila swali, lakini kitu cha kuweka rafuni hawakumpa. Ungempaje mtumbwi wako mtu asiyetaka hata kulisogelea ziwa lako? Kwa hiyo upande wa ziwa, makumbusho yalikuwa na chupa moja ya dagaa wa usipa waliokaushwa. Paka wa sokoni akaigundua. Ikabaki chupa.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Akaja afisa mmoja, dada mdogo mchangamfu, faili kwapani. Kabla ya kuingia alipita uwanja wa nyuma, na kwa sababu alikuwa anatazama juu, akatumbukia kwenye ngoro. Mhifadhi akamvuta, akampongeza. Akaingia, akasalimia vyungu bila kulazimishwa, nikaona huyu ana malezi. Kisha akakaa.

"Mzee wangu, kibao chako kinasema Mlima na Ziwa. Mlima nimeuona, udongo wake ninao kwenye viatu. Ziwa liko wapi?"

Mhifadhi akamwonyesha chupa.

"Hii ni tupu, mzee."

"Lilikuwepo."

"Likaenda wapi?"

"Paka."

Dada alijitahidi asicheke, akashindwa, akacheka, halafu akawa makini. "Nisikilize, baba. Ghala hili linaombwa liwe la mbolea, na wanaoliomba wana haja ya kweli. Nikilitetea, nitaulizwa watu wa Nyasa wana nini humu. Nitarudi kahawa ikianza kuvunwa. Nikikuta ziwa, nitasimama kukutetea. Nisipolikuta, vitu vyote vitahamishiwa Songea, vitafungiwa kwenye makabati ya vioo. Vitakuwa salama."

"Kwenye vioo," Mhifadhi akarudia. "Na harusi ikitokea?"

"Havitatoka tena, baba."

Siku hiyo hakusema neno mpaka jioni. Wafanyabiashara wa sokoni walikuja mmoja mmoja kuuliza kama amefariki. Jioni darasani alifundisha ameupa ubao uso na sisi mgongo. Tulipotoka akanishika bega. "Keshokutwa unanipeleka ziwani."

"Wewe? Ziwani?"

"Ufukweni nimesema. Sijasema majini."

Tulitelemka. Barabara ile ya kutoka Mbinga kwenda ziwani ina kona ambazo ukizipita unaona namba ya pikipiki yako mwenyewe. Baridi ya mlimani ikabaki nyuma, joto likatupokea, na Mhifadhi hakufungua hata kifungo kimoja cha koti. Mbamba Bay wauza samaki wakatuambia: kama ni mtumbwi wa kweli, wa gogo moja, nendeni Chiwanda kwa bibi fulani. Aliuchonga marehemu mume wake. Wajukuu wamenunua boti la mbao lakini yeye bado anaupiga kasia mwenyewe kwenda kwenye mihogo yake, nyuma ya miamba.

Bibi tulimkuta anaanika mihogo juu ya mwamba. Mfupi, macho makali, kitambaa chekundu kichwani. Mimi nikaamkia, nikaitikiwa. Wao wawili wakabaki wanatazamana. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme shikamoo. Bata wakapita katikati yao.

Mhifadhi akaamua kutumia kipimo chake. "Mama, nzige walipopita nchi hii, wewe ulikuwa unakula nini?"

"Nzige," bibi akasema. "Na wewe?"

Mhifadhi akakohoa. "Nasikia... maziwa ya mama."

"Basi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu."

Nilijiuma shavu mpaka leo lina alama. Mhifadhi akakaa, akamweleza yote: ghala, mbolea, kabati za vioo, dada wa faili, chungu cha harusi kilichofufuka. Hakuficha kitu, hata paka. Mtumbwi wenyewe ulikuwa pale mchangani, mweusi, umelainika kingo kwa miaka ya mikono.

"Ukaufanye nini mlimani?" bibi akauliza. "Ukavue mahindi?"

"Watoto wa mlimani walijue ziwa."

"Na wewe unalijua?"

"Nalifundisha."

"Sikukuuliza hilo. Umesema kitu kisichofanya kazi ni maiti. Mtumbwi wangu ni mzima au maiti?"

"Mzima, mama. Naona."

"Unaona. Maiti nao huonwa." Akajifuta unga wa mihogo mikononi, akasimama. "Watu wakija kwako kuchukua vyungu vyao, chungu kinaweza kupasuka?"

"Kinaweza."

"Na unakiachia."

"Nakiachia."

"Wewe unaogopa kupasuka?" Akaushika mtumbwi kwa nyuma. "Panda. Usipopanda, hautoki hapa."

Nimeona watu wakifunga ndoa, nimeona watu wakisubiri matokeo ya mtihani, lakini sijaona mtu akisimama vile. Aliutazama mtumbwi. Alinitazama mimi, nikatazama bata. Najua alichokuwa anakiona: rafu tupu, na vyungu vyake vimekaa nyuma ya kioo Songea, Jumamosi hadi Jumamosi, hakuna anayekuja kuvibeba. Akafungua koti. Kifungo cha kwanza, cha pili, vyote. Ndipo nilipojua kwamba chini ya lile koti kulikuwa na shati, tena la maua. Akanipa koti. Mwavuli hakunipa. Akaingia akiwa ameukumbatia, akakaa chini kabisa, magoti kidevuni, na bibi akasukuma.

Ziwa lilikuwa tulivu, upepo wa mwera ulikuwa haujaanza kuvuma. Bibi alipiga kasia taratibu kuelekea kwenye miamba. Ile sauti iliyozoea kufika Litembo sikuisikia. Halafu upepo mdogo ukaniletea kitu, mnong'ono, kama wa mtu anayesali.

"Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo."

"Unamwamkia nani tena?" bibi akauliza.

"Ziwa."

Bibi akaacha kasia. Akainama, akajaza kifua, na kwa sauti nzito iliyotoka chini kabisa ya mtumbwi akajibu, "Marahaba, mwanangu! Ulichelewa wapi?"

Mhifadhi aliruka, mtumbwi ukayumba, mimi nikapiga kelele na bata wakatawanyika. Ukatulia. Kisha nikasikia kicheko. Kilianza kidogo, kikapanda, kikagonga miamba na kurudi, na nina hakika ng'ambo ya ziwa, kule Malawi, watu walitoka nje kuuliza kulikoni.

Aliporudi, suruali imelowa, hakuongea na mimi kwanza. Aliupiga piga mtumbwi ubavuni. "Unaongea," akasema. "Ukikaa chini unausikia unaongea na maji. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

"Ungeambiwaje ukiwa sokoni?" bibi akasema. Kisha akatoa masharti yake. "Mwera ukivuma, mtumbwi wangu hulala tu mchangani. Basi ukalale kwenu, watoto wauone. Mwera ukitulia, urudi ufanye kazi. Na usije peke yake. Wewe uje nao, na uupande."

Wajukuu waliupeleka Mbamba Bay kwa maji. Huko tukapata lori linalobeba makaa ya mawe ya Ngaka, lilikuwa limeshusha mzigo na linarudi tupu. Dereva alikubali kwa sharti kwamba asiombwe kulifagia. Mtumbwi ukapanda nyuma, bibi akapanda mbele, akakataa katakata kubaki, akisema hawezi kuuacha uende ugenini bila mtu wa nyumbani. Mimi nilifuata na pikipiki, nikipokea vumbi. Kila kijiji tulichopita watu waliacha majembe. Mtumbwi unapanda mlima! Kuna mzee wa kanisa, nasikia, aliyeanza kutafuta wanyama, jike na dume.

Tulipoufikisha ulikuwa mweusi wa makaa kuanzia mbele hadi nyuma. Nikaleta ndoo na sabuni. Mhifadhi akanizuia kwa mwavuli. "Acha. Hata hilo ni lake. Ziwa limepanda lori la Ngaka, litasimulia."

Dada wa faili alifika kahawa mbivu zikiwa zimeanza kushushwa sokoni. Safari hii alizunguka mashimo kwa uangalifu. Akaingia, akasalimia rafu, akageuka, na katikati ya ghala akakuta mtumbwi mweusi, na ndani ya mtumbwi bibi amekaa na kasia lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua viatu, panda."

"Hapa? Kwenye saruji?"

"Wewe si umekuja kutafuta ziwa?"

Dada akatazama faili, akaliweka chini, akavua viatu, akapanda. Bibi akaanza kupiga kasia hewani. Akamweleza mwamba uko wapi, maji yanabadilika rangi wapi, usipa wanaruka wapi, na mahali ambapo mumewe alimtongoza akakataliwa na akarudi tena kesho yake. Alipofika kwenye wimbi kubwa alipaza sauti, na dada akainama kabisa, akashika kingo kwa mikono miwili. Watu waliojaa mlangoni, mimi nikiwemo, tukainama pia. Mhifadhi alisimama ukutani, ameukumbatia mwavuli.

Dada aliposhuka, sketi yake ilikuwa na makaa na macho yake yanang'aa. Akaokota faili. "Mzee, ziwa nimelikuta," akasema. "Mbolea itatafutiwa kwingine." Alisimama kututetea kama alivyoahidi, na ghala likabaki letu. Alipochumbiwa alirudi, akasalimia, akaulizwa swali, akabeba chungu. Kibao kikasema: "Kipo harusini kwa afisa."

Miaka imepita. Mhifadhi amestaafu, na makumbusho sasa ni ya binti mmoja aliyesomea mambo hayo, mpole, mwenye miwani, na swali analiuliza vile vile. Kabla ya kuondoka mzee alikipaka rangi upya kile kibao cha mlangoni. Hakupima tena. Ila safari hii alianza kuandika kutoka mwisho, kwa hiyo Ziwa ndilo kubwa kama milango, na Mlima umebanwa pembeni.

Novemba iliyopita nilipata abiria wa Mbamba Bay, nikasema nisogee mpaka Chiwanda nimwone Mhifadhi, maana makumbusho nilikuta kibao: "Mtumbwi umekwenda ziwani. Mzee pia." Safari za kuurudisha zilikuwa zinarefuka mwaka hadi mwaka. Mbinga wana maneno yao juu ya hilo. Mimi sikuuliza, nina adabu zangu za masomo ya jioni.

Nilisimama ufukweni. Mtumbwi ulikuwa unatoka nyuma ya miamba, umejaa mihogo. Mbele, mwenye kasia, alikuwa yeye, shati la maua, koti hakuna, anapiga vibaya sana, maji yanaruka kila upande. Nyuma amekaa bibi akimtolea makosa. Na juu ya kichwa cha bibi, umefunguka wote, ulikuwa ule mwavuli mweusi.

Nikakaa chini kwenye mchanga. 

Tulikula mihogo ya kuchemsha na usipa. Alinikagua historia, nikafaulu. Alinikagua hesabu, tukabadilisha mazungumzo. Nilipotaka kuondoka, mawingu yakashuka na mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kutupa matone makubwa kama maharage. Nikajikaza, nikasema neno ambalo padri mzima alilisema akashindwa.

"Mzee, niazime mwavuli."

"Si wangu," akasema, bila kugeuka. "Mwombe mwenyewe."

Nikamgeukia bibi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Unakwenda kufanya kazi gani?"

"Kunikinga mvua mpaka Mbinga, bibi."

"Usimpe," Mhifadhi akadakia, "huyu namjua, atausahau stendi."

"Nyamaza wewe, ni wako?" Akanipa. "Mwera ukianza, mtakapokuja kuuchukua mtumbwi, uje nao."

Sasa mwavuli na pikipiki havielewani, anayebisha ajaribu. Isitoshe, mpini ule ulikuwa umelainika kama kingo za mtumbwi, na kila nikiutazama namwona padri anakimbia. Kona ya kwanza tu nikasimama, nikaukunja, nikauingiza ndani ya jaketi, nikafunga zipu mpaka shingoni, nikapanda mlima wote kwenye mvua hiyo.

Mbinga nilisimama makumbusho nijikaushe. Binti wa miwani akatazama dimbwi lililokuwa likikua chini yangu, akatazama mwavuli niliouchomoa kifuani, mkavu kama unga.

"Kaka, mwavuli unao, mbona umelowa hivyo?"

Nikaulaza mezani taratibu.

"Salimia kwanza," nikamwambia.